AM, FM na mlima ulio nyuma ya nyumba

*Swali: "Shikamoo mtaalamu. Naishi Lushoto, kijiji kilichojificha bondeni. Marehemu baba aliniachia redio kubwa ya mbao yenye MW na SW. Usiku inanasa vituo vya mbali, hata vya Kiarabu. Mchana ni mikwaruzo mitupu, na tangu nifunge sola imekuwa balaa. Simu yangu ina FM. Nikiwa juu barabarani sauti ni safi kama mtangazaji amekaa pembeni yangu, nikishuka nyumbani inapotea. Fundi ameniambia AM ina nguvu ya kusafiri kwa sababu sauti inapandishwa kwenye ukubwa wa wimbi, na kwamba FM ni wimbi dhaifu. Sasa kikundi chetu kijijini kinataka kuanzisha redio ya jamii na tumegawanyika: wengine wanataka AM ili ifike mbali, wengine FM. Shemeji yangu ni mvuvi Pangani, anasema redio ya boti lao ni FM na haifiki popote, tuachane nayo. Nani mkweli?"*

Marahaba, ndugu yangu. Nimelirudia swali lako mara mbili, maana kila uliyemtaja ameshuhudia jambo la kweli. Redio ya mzee kweli inanasa mbali. FM kweli inakatika bondeni, na redio ya boti kweli haifiki mbali. Wamekosea kwenye sababu. Fundi wako amechanganya vitu viwili ambavyo kwetu tumezoea kuvitaja kwa pumzi moja: namna sauti inavyopakiwa kwenye wimbi, na wimbi lenyewe ni la urefu gani. AM na FM ni majina ya namna ya kupakia. Umbali, kwa sehemu kubwa, hauamuliwi hapo.

Lugha yetu nayo imetuchanganya. Nilipokuwa mdogo nilisikia watangazaji wakisema "mnatusikiliza kupitia masafa mafupi, mita bendi ya 25", nikawa najiuliza masafa yaliyo mafupi yanafikaje kwetu kutoka Ulaya. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957 na Deutsche Welle mwaka 1963, na zote mbili zilitufikia kwa hayo hayo masafa "mafupi". Kwetu masafa ni umbali. Basi la masafa marefu ni basi la kwenda mbali. Kwenye redio neno hilo likabeba mzigo wa pili, kasi ya mtikisiko wa wimbi. Kilicho kifupi kwenye masafa mafupi, hiyo SW ya redio ya mzee, ni urefu wa wimbi, kutoka mgongo mmoja hadi mwingine. Safari yake ndiyo ndefu kuliko zote.

Ukitaka kujua urefu wa wimbi kwa mita, gawanya 300 kwa megahezi, yaani mitikisiko kwa sekunde ikihesabiwa kwa mamilioni. Kituo cha masafa ya kati, hiyo MW ya redio ya mzee, kikiwa kwenye kilohezi 1000 (yaani megahezi 1) wimbi lake lina mita 300. Mita bendi ya 25 ni kama megahezi 12. Kituo cha FM kilichopo megahezi 100 kina wimbi la mita 3 tu. Zikumbuke hizo 300 na 3, tutazirudia tukifika kwenye mlima wako.

Kwanza upakiaji. Kabla mtangazaji hajafungua mdomo, mtambo wa kurushia hutoa wimbi tupu, mapigo mengi mno kwa sekunde, yote sawasawa. Fikiria jirani anatwanga mahindi kwenye kinu usiku, twa, twa, twa, nguvu ileile, mwendo uleule. Hujaambiwa kitu bado. Umejua tu kwamba kuna mtu anatwanga. Akitaka kukupelekea ujumbe bila kuweka mchi chini, ana njia mbili. Anaweza kushika mwendo uleule akabadili nguvu: pigo zito, pigo jepesi. Hiyo ni AM, ambapo kimo cha wimbi hupanda na kushuka kufuata sauti. Au anaweza kushika nguvu ileile akabadili mwendo: aharakishe kidogo, apunguze kidogo. Hiyo ni FM.

Sasa mvua inyeshe juu ya bati. Wewe unayesikiliza uzito wa mapigo umeingia matatani, kwa sababu kishindo cha mvua kinajumlishwa juu ya kishindo cha mchi na huwezi kuvitenganisha. Mwenzako anayefuatilia mwendo hana shida sana. Mvua haiharakishi mchi. Radi, cheche za plagi ya pikipiki, mashine ya kusaga na hiyo sola yako vyote ni mvua ya bati: vinaongeza na kupunguza kimo cha wimbi. Redio ya AM imeumbwa kusoma kimo, kwa hiyo inakusomea radi pamoja na taarifa ya habari. Redio ya FM ina sehemu inayokata vichwa vya mawimbi yote yalingane, kama kinyozi na mashine yake, halafu inasoma mwendo peke yake.

Kusema kweli kelele hugusa mwendo pia, ila kidogo. Ujanja wa FM ya matangazo ni kuutikisa mwendo kwa upana mkubwa mno, hadi kilohezi 75 juu na 75 chini ya masafa ya kituo, kiasi kwamba kule kusukumwa kidogo na kelele hakuonekani. Lakini mvua ikigeuka gharika, hata mapigo yenyewe huyasikii, na hapo anayefuatilia mwendo hapati chochote. Ndiyo maana AM hufifia taratibu. Utasikiliza mpira ndani ya mikwaruzo dakika 90 nzima na goli usilikose. FM inakuwa safi, safi, safi, kisha unapiga hatua kumi kushuka na kinachobaki ni "shaaa". Ina kizingiti. Nyumba yako iko upande wa pili wa kizingiti hicho, basi.

Hilo la "wimbi dhaifu" lilinifanya nitabasamu, maana nilipokuwa kijana nilikesha zamu nyingi kwenye chumba cha mitambo ya masafa ya kati. Mshale wa mita ya mkondo wa antena ulikuwa ukicheza na sauti ya msomaji wa taarifa. Akisema kwa msisitizo unaruka, akikohoa unakohoa naye. Baadaye nikahamishiwa mtambo wa FM, nikaikuta mita ya nguvu imesimama tuli huku muziki unapigwa kwa fujo. Nikaigonga kwa kidole nikidhani imekwama. Mzee wa zamu akaniangalia tu, hakusema kitu. Mita ilikuwa nzima. Kwenye FM nguvu haibadiliki, mtangazaji anong'one au apige kelele, kwa sababu kinachobadilika ni mwendo wa wimbi.

Kama kuna mbadhirifu kati ya hawa wawili, ni AM. Hata sauti ikifika kikomo kinachoruhusiwa, theluthi mbili za nguvu inayotoka kwenye antena ziko kwenye wimbi tupu lisilobeba neno hata moja. Theluthi inayobaki ndiyo yenye sauti, nayo imegawanywa nakala mbili zinazofanana, moja kila upande wa wimbi. Ni lori linalokula mafuta kwa uzito wake lenyewe, halafu limepakia gazeti moja mara mbili. Zile redio koli za hospitali za misheni na za mapori ya akiba, zinazozungumza mkoa hadi mkoa kwa betri moja ya gari, zilikwepa hasara hiyo kwa kutupa wimbi tupu na nakala moja, zikarusha nakala iliyobaki peke yake.

AM ilidumu hivyo hivyo kwa sababu redio ya kuipokea ni rahisi ajabu. Koili, kapasita, dayodi moja na spika ya sikioni vinatosha kusikia kituo cha karibu, hata bila betri. Kusoma mwendo kunahitaji saketi ya kisasa zaidi.

Labda unajiuliza: basi kwa nini FM isiwekwe kwenye masafa ya kati, tupate usafi na umbali pamoja? Haitoshi, ndugu yangu. Kwetu Afrika kila kituo cha masafa ya kati kimepewa nafasi ya kilohezi 9, ndiyo maana sauti ya AM ni nzito, haina ile milio myembamba ya kayamba. Kituo cha FM hutanda kilohezi karibu 200. Bendi yote ya masafa ya kati, kutoka mwanzo hadi mwisho, ni kilohezi kama 1080. Ungeweka vituo vitano vya FM ukafunga mlango.

Na ukiibana FM itoshe kwenye nafasi ndogo, unaua kile kilichoifanya iwe bora. Mwaka 1922 mhandisi wa Marekani John Carson alithibitisha kwa hesabu kwamba FM haikusaidii kupunguza nafasi, akahitimisha kwamba haina faida yoyote. Hesabu yake ilikuwa sahihi, hitimisho ndilo lilipotoka. Edwin Armstrong aligeuza swali: badala ya kuibana, akaipanua. Alipata hataza zake mwishoni mwa mwaka 1933, na mwaka 1935 akawaonyesha wahandisi wenzake New York redio isiyo na mikwaruzo. Ila ili apate uwanja wa kupanukia ilibidi apande juu kwenye makumi ya megahezi, kwenye mawimbi mafupi zaidi, mawimbi yanayokwenda mstari mnyoofu. FM ilihamia huko kwa sababu ya nafasi, ikaikuta tabia ya mtaa. Leo tunailaumu kwa tabia za mtaa wake.

Ushahidi ninao, na mmoja umeuleta mwenyewe. Redio ya boti la shemeji yako ni FM na chaneli yake ya dharura, chaneli 16, ipo megahezi 156.8. Sasa tazama ndege. Marubani na waongoza ndege huzungumza kati ya megahezi 118 na 137, na wao hutumia AM. Mawimbi yao na ya shemeji yana urefu unaokaribiana, na tabia ni ileile: yanakwenda pale yanapoona. Rubani anasikika mbali kwa kuwa yuko juu angani. Mshushe chini, mweke nyuma ya mlima wako, na AM yake haitamsaidia kitu.

(Kwa nini ndege zimebaki na AM? Sehemu ni mazoea ya tangu zamani. Lakini kuna jambo jingine: wawili wakisema pamoja kwenye AM, mwongoza ndege husikia mlio wa mgongano akajua kuna mtu wa pili. FM humkamata mwenye nguvu na kummeza mwingine kimya kimya. Kwa kusikiliza muziki hiyo ni neema. Kwa rubani wa pili mwenye shida si neema hata kidogo.)

Kwa shemeji, mwambie kosa ni la umbo la dunia. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 4.1, unapata kilomita ambazo antena hiyo inaona hadi kwenye upeo. Fanya hivyo kwa antena zote mbili ujumlishe. Boti mbili zenye antena mita 3 juu ya maji zinaonana kama kilomita 14, baada ya hapo bahari yenyewe imesimama katikati. Antena ikipandishwa mita 9 badala ya 3, upeo wake unatoka kilomita 7 hadi 12. Mlingoti utamsaidia kuliko kununua redio yenye wati nyingi.

Turudi kwenye 300 na 3. Wimbi la mita 300 hukikuta kilima kama maji ya mto yanavyolikuta jiwe, linakizunguka. Tena linatambaa na uso wa ardhi likiifuata dunia inavyopinda, na juu ya maji ya chumvi linatambaa vizuri zaidi kuliko juu ya udongo mkavu. Wimbi la mita 3 mbele ya mlima uleule hupita juu na kuacha kivuli nyuma yake. Wewe unaishi kwenye kivuli.

Na usiku? Juu yetu, kati ya kilomita 60 na 90 hivi, jua hutengeneza tabaka la chembe zenye umeme linaloyanyonya mawimbi ya masafa ya kati yanayoelekea angani. Mchana kwa hiyo unabaki na yale yanayotambaa ardhini peke yake. Jua likizama tabaka hilo hutoweka haraka, mawimbi yakapenya hadi matabaka ya juu zaidi, yakadunda kama mpira na kurudi chini mamia ya kilomita mbali, pengine zaidi ya elfu. Hicho Kiarabu unachosikia kimedunda angani. Wakati mwingine kinapanda na kushuka kama mtu anakizungusha kitufe cha sauti. Ni mawimbi yaliyopita njia tofauti yanakutana kwenye antena yako, mara yanasaidiana, mara yanafutana. Masafa mafupi nayo hudunda, hata mchana, kutegemea bendi na saa. Na SW ya redio ya mzee nayo ni AM, kama MW yake. Upakiaji mmoja, safari mbili tofauti. Hapo ndipo nadharia ya fundi wako inapovunjika mguu, lakini usimchokoze. Huenda ni fundi mzuri sana wa kubadilisha spika.

Tuje nyumbani. Mikwaruzo ya sola inatoka kwenye chaji kontrola, inveta, na mara nyingi taa za LED za bei rahisi na chaja za simu. Vyote hivi hukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na makombo ya ukataji huo hupanda hadi kwenye masafa ya kati. Tafuta redio ndogo yoyote ya AM inayotumia betri kavu, iweke katikati ya vituo ambapo hakuna matangazo, uizungushe nyumbani kama mbwa wa kunusa. Zima kifaa kimoja kimoja. Mara nyingi mhalifu ni mmoja, na mara nyingi ni taa. Kama ni inveta, izime wakati wa kusikiliza na uiendeshe redio kwa betri moja kwa moja, baada ya kuhakikisha volti zinalingana na zilizoandikwa nyuma yake. Waya wa chanya na hasi kutoka kwenye paneli visokote pamoja kama kamba badala ya kuvitandaza mbalimbali, maana vikitandazwa vinageuka antena ya kurusha kelele. Vile vifundo vyeusi vya feraiti unavyoviona kwenye waya za kompyuta za zamani navyo husaidia vikifungwa karibu na kifaa chenye kelele.

Kisha zungusha redio yenyewe. Ndani yake, kama ilivyo kwenye redio nyingi za aina hiyo, kuna fimbo ya feraiti ambayo ndiyo antena ya MW, na fimbo hiyo ni kiziwi kwenye ncha zake mbili. Elekeza ncha kwenye kelele, utaona kituo kinajitokeza. Ile antena ya kuvuta ni ya SW (na ya FM kwa redio zenye FM). Kuivuta ukiwa kwenye MW kwa kawaida hakukuongezei kitu.

Kama redio ya mzee ina waya wa kuchomeka ukutani, usiifungue mwenyewe. Kapasita zake zinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuichomoa. Mpelekee fundi, mwambie aanze kwa kuangalia hizo kapasita, ndizo huzeeka kwanza.

Kwa FM, antena ya simu ni ule waya wa spika za masikioni. Ukiukunja mfukoni umejikata miguu, kwa hiyo unyooshe wote. Halafu sogea: wimbi lina mita 3, na bondeni mawimbi yanarudi kutoka kuta za milima yakifutana, kwa hiyo hatua moja au mbili zinaweza kukutoa kwenye ukimya hadi kwenye sauti. Kama redio ina kitufe cha stereo na mono, weka mono. Sehemu ya stereo hubebwa juu kabisa kwenye mzigo wa FM ambako chenga ni nyingi, na kuiacha kunapunguza ile "shaaa" mara nyingi kuliko antena mpya.

Ukitaka kufanya zaidi, tengeneza antena ya waya kwa redio ya mezani yenye tundu la antena. Kwa kituo cha karibu na megahezi 100, chukua vipande viwili vya waya, kila kimoja sentimita 71, viunge kwenye ncha ya waya wa antena ya TV, kimoja kwenye moyo wa katikati na kingine kwenye wavu wa nje, vinyooshwe pande mbili tofauti, upandishe juu ya mwanzi. Jaribu kuvilaza na kuvisimamisha, vituo havifanani. Uwe mbali kabisa na nyaya za umeme, na Usambara kwa radi zake, chomoa waya huo na uutoe nje ya nyumba wingu linapojikusanya.

Sasa redio ya jamii. Walio upande wa AM wana hoja moja ya haki: bondeni kwenu masafa ya kati yangeingia kwenye nyumba ambazo FM haitaziona. Lakini gharama yake je? Mnara wa robo wimbi kwa kilohezi 1000 una mita 75, na wote ni antena yenye umeme kuanzia chini, umesimama juu ya kizio (kitako kisichopitisha umeme), hauguswi. Chini yake huzikwa nyaya za shaba kuelekea pande zote kama miale ya jua. Kipimo kilichozoeleka ni nyaya 120. Unahitaji shamba tambarare, na Lushoto unaijua. Halafu ulinzi wa hiyo shaba usiku na mchana, na mtambo unaokula umeme kulisha wimbi tupu. Ukimaliza yote hayo, vijana wenu wana simu, na simu hazina AM. Mimi ningeiacha bila kujuta.

FM kwa upande wake inaomba kitu kimoja ambacho mnacho tele, kimo. Antena ya mita 30 kwenye tambarare, na redio ya msikilizaji ikiwa mita 2 juu ya ardhi, huonana kama kilomita 28. Ipandishe kwenye kilele kilicho mita 400 juu ya wasikilizaji, umefika kama kilomita 88, mradi hakuna kinachoziba. Hapo ndipo watu hukosea. Huona namba hiyo, wakapanda kwenye kilele kirefu kuliko vyote, halafu kijiji chao wenyewe kikabaki gizani kwa sababu kuna kigongo kidogo katikati. Nyinyi tafuteni kilele kinachoviona vijiji, hata kama si kirefu kuliko vyote. Na msidanganyike na wati. Mtambo wa wati 200 badala ya 100 hausogezi mpaka wa kivuli cha mlima, na hautaifikisha redio yenu umbali mara mbili.

Kuna mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyafanya. Masafa hayachukuliwi, yanaombwa: kwa Tanzania ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na mwende kwao kabla ya kununua kifaa chochote, kwa sababu wao ndio watakaoamua mtarushia wapi na kwa nguvu kiasi gani. Mtambo wa bei ya kutupwa ulioonekana mtandaoni usio na vichujio vizuri utarusha takataka nje ya masafa yenu. Bendi ya FM inaishia megahezi 108, na hapo hapo zinaanza ishara za kuongoza ndege, kisha mazungumzo ya marubani. Sihitaji kukueleza maana yake. Mhandisi wa redio mwenye vipimo aukague mtambo kabla haujawashwa, na kazi ya kupanda mnara na kuzika waya wa radi ifanywe na mwenye ujuzi na mkanda wa usalama.

Lakini kabla ya kulipa mtu yeyote, kikundi chenu kinaweza kufanya jambo moja bila gharama. Chagueni asubuhi isiyo na ukungu, mpande kila kilele mnachokifikiria, mkae hapo na kuhesabu mapaa ya bati mnayoyaona kwa macho: shule ipi, msikiti upi, zahanati ipi, na nyumba yako mwenyewe. Andikeni pia mnachoshindwa kukiona. Orodha hiyo, pamoja na kimo cha kila kilele kutoka kwenye ramani ya simu, niletee. Nitakaa nayo niwakadirie kilele kipi kinafaa kupelekwa kwa mhandisi.